Kukivisha Kirusi Koti: Polima katika Kazi ya Kupeleka Jeni

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na nyote mliofika,

Huenda nikawavunja moyo wale waliokuja kusikia habari za makoti ya siri yanayokipitisha kirusi ndani ya damu bila kuonekana. Tutayafikia, lakini baadaye. Kazi kubwa ambayo polima, yaani molekuli ndefu za vipande vinavyojirudia, zimeifanya hadi leo katika tiba ya jeni imefanyika kwenye sahani ya kuoteshea seli na ndani ya kichupa cha dawa, mahali ambapo hakuna anayepiga picha. Nitakaa huko kwanza, kwa sababu huko ndiko mtu anaweza kwenda kesho asubuhi na kupata matokeo bora kuliko ya jana.

Virusi tunavyovitumia kubeba jeni hadi ndani ya seli ni hivi. Kirusi cha adeno kina upana wa nanomita 90 hivi, hakina utando wa mafuta, na DNA yake ina herufi zipatazo 36,000. AAV, yaani kirusi kinachoambatana na adeno, ni kidogo mno: nanomita 25, na nafasi yake ya mzigo ni herufi 4,700 tu. Kirusi cha lenti kina nanomita 100 hadi 120, hubeba herufi 8,000 au 9,000, na kimejifunika utando wa mafuta kilioutwaa kwenye seli iliyokizaa. Huo utando uwekeni akilini, maana viyeyushi na sabuni ambazo adeno huzistahimili humharibu lenti papo hapo.

Kwenye sahani, kikwazo cha kwanza ni mwendo. Chembe ya nanomita 100 haiogelei. Husukumwa huku na huku na molekuli za maji. Pigeni hesabu mtaona kwamba kwenye joto la nyuzi 37 chembe hiyo huhitaji karibu siku nzima kuvuka milimita moja ya kimiminika. Na kirusi cha lenti chenye VSV-G, protini ya kuingilia seli iliyoazimwa kwa kirusi kingine, hupoteza nusu ya nguvu zake kwa takriban saa 10 kwenye joto hilohilo. Kwa hiyo ukimimina mililita mbili mahali ambapo nusu mililita ingetosha kufunika seli, virusi vingi vitakufa njiani. Kabla hujanunua polima yoyote, punguza kimiminika. Hilo ni bure.

Kikwazo cha pili ni chaji. Uso wa seli una chaji hasi, kwa sehemu kutokana na asidi ya sialiki na sukari zenye salfeti zilizotanda juu yake. Virusi navyo vingi vina chaji hasi. Vikikaribiana vinasukumana. Hapo ndipo inapoingia Polybrene, yaani heksadimethrini bromidi, polima yenye chaji chanya inayokaa kati ya wawili hao na kufuta ugomvi wao.

Matumizi yake ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi watu huyafanya ovyo. Yeyusha unga kwenye maji safi ufikie miligramu 10 kwa mililita, pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22, gawa kwenye vichupa vidogo na ugandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa kikishayeyuka kisirudishwe kwenye barafu. Kipimo cha kawaida kwenye seli ni mikrogramu 8 kwa mililita. Ukichota moja kwa moja kutoka kwenye akiba hiyo utahitaji mikrolita 0.8 kwa kila mililita, kiasi ambacho mkono wa mtu yeyote hukikosea. Kwa hiyo punguza kwanza akiba iwe miligramu 1 kwa mililita, kisha chota mikrolita 8. Na kabla ya kuleta kirusi, zipime seli zako na polima peke yake: sifuri, 2, 4, 8 na 12. Hesabu zilizo hai baada ya saa 48. Seli za saratani zilizozoea maabara hazitalalamika. Seli za neva, seli shina za damu na seli T zilizotoka kwa mtu zinaweza kufa kwa kipimo ambacho jirani yako anakitumia kila wiki bila shida.

Nini huharibika? La kwanza ni tamaa. Mtu akiona 8 imesaidia, hujaribu 20, na matokeo hushuka: virusi vinagandamana kuwa vifungu, seli zinaumia, na polima iliyozidi inafunika pande zote mbili. La pili ni heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ikichukuliwa kwenye mirija yenye heparini na seli zisioshwe vizuri, heparini, ambayo ina chaji hasi kali, huikamata Polybrene yote. Wala si ajabu, maana Polybrene iliwahi kutumika hospitali kuzima heparini. La tatu limejificha zaidi: maji ya kuoteshea yaliyotoka kwa seli zinazozalisha virusi huwa na proteoglikani, yaani protini zilizobeba minyororo ya sukari, na sukari zake zenye salfeti hula polima kabla ya seli zako kuipata. Ndiyo sababu kundi moja la virusi hufanya vizuri na jingine hukataa ingawa mmetumia kipimo kilekile.

Hapa pana kioja kinachostahili kutajwa. Kondroitini salfeti, mojawapo ya sukari hizo zenye salfeti, ikiwekwa peke yake huzuia virusi vya aina ya retro, ukoo wa lenti, kuingia. Ikiwekwa pamoja na Polybrene kwa kiasi kinacholingana, viwili hivyo hushikamana kuwa mafundo mazito yanayozama na virusi ndani yake hadi juu ya seli. Kile kilichokuwa kizuizi kimegeuka lifti, na safari ya siku nzima niliyoieleza imefupishwa. Mafundo hayo pia huweza kusombwa kwa sentrifuji ya mwendo mdogo, njia ya bei nafuu ya kukusanya virusi. Tatizo ni kwamba kinachozama hakichagui. Uchafu wa protini nao huzama.

Kwa seli zitakazorudishwa kwa mgonjwa, wengi huacha Polybrene na kutumia protamini salfeti, mikrogramu 5 hadi 10 kwa mililita, kwa kuwa ni dawa inayofahamika hospitali tangu zamani. Nguvu yake ni ndogo kidogo lakini makaratasi yake ni mepesi. Kwa seli shina za damu, zilizo ngumu kuliko zote, msaada mkubwa umetoka kwa poloksama 338, takriban miligramu 1 kwa mililita. Poloksama ni polima ya vipande vitatu: ncha mbili zinazopenda maji na tumbo linalopenda mafuta. Haina chaji. Inafanya kazi kwenye utando wa seli wenyewe, ndiyo maana huweza kuunganishwa na protamini na kila moja ikaongeza lake. Msaada wa aina hiyo hupunguza idadi ya virusi vinavyohitajika kwa mgonjwa mmoja, na anayejua gharama ya kusafisha virusi vya lenti kwa kiwango cha hospitali hahitaji kuelezwa zaidi.

Nije kwenye kichupa. AAV ikiwa nyingi na nzito kwenye mirija, upotevu hauonekani. Ukiipunguza makali kwa ajili ya sindano, hasa kwenye maji ya chumvi matupu, chembe hushika kwenye kuta za plastiki, kwenye kioo, kwenye bomba la sindano, na sehemu kubwa ya dozi hubaki humo. Dawa ya tatizo hili ni poloksama 188, kwa kiasi kidogo cha kushangaza. Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa aina moja ya upofu wa kurithi, ina 0.001% ya poloksama hiyo, na kimiminika cha kuipunguzia kinachokuja pamoja nayo kina poloksama ileile. Jicho moja hupewa chembe bilioni 150 ndani ya mililita 0.3, huwezi kumudu kuziacha kwenye bomba. Zolgensma, dawa ya AAV ya mwaka 2019 kwa watoto wenye udhaifu wa misuli wa kurithi, ina 0.005%. Polima inafika kwanza kwenye ukuta na kukalia viti vyote, kirusi kinakosa pa kushika. Mtu anayefanya majaribio ya wanyama kwa AAV iliyopunguzwa na chumvi tupu, kisha akalaumu kapsidi, yaani ganda la protini la kirusi, kwa matokeo mabovu, anatakiwa kwanza apime kilichotoka kwenye ncha ya sindano.

Na virusi hivyo hutoka wapi? Navyo huzaliwa kwa msaada wa polima. Polietilinimini, PEI, ilitambulika kuwa mbebaji wa DNA mwaka 1995, na mpaka sasa PEI nyoofu ya daltoni 25,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) ndiyo inayoingiza plazimidi, yaani pete za DNA, kwenye seli za binadamu ziitwazo HEK293 katika maabara nyingi zinazotengeneza AAV na lenti. Mikrogramu 1 ya DNA kwa seli milioni moja, PEI mara moja hadi tatu ya uzito wa DNA, vichanganywe kwenye kimiminika kisicho na serumu, visubiri dakika 10 hadi 15. Ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa nzima, chembe zimekua mno, na mavuno yameporomoka. Sina zaidi la kuongeza hapo.

Sasa damu.

Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki Marekani siku nne baada ya kupewa virusi vya adeno kupitia mshipa unaoingia kwenye ini. Mfumo wake wa kinga uliwaka mwili mzima. Kifo hicho ndicho kilichowasukuma wengi kutafuta namna ya kuuficha uso wa kirusi. Maana adeno akiingia kwenye damu hukutana na mambo matatu kwa mpigo. Kingamwili za watu waliokwisha kuugua mafua ya adeno humshika. Seli za Kupffer, walinzi wa kinga kwenye ini, humla ndani ya dakika chache. Na protini ya kugandisha damu iitwayo faktari X hushika kwenye heksoni, ile protini kuu ya kapsidi, na kumpeleka moja kwa moja kwenye seli za ini. Hilo lilithibitishwa mwaka 2008, na likaeleza kwa nini kumnyima adeno uwezo wa kushika vipokezi vyake vya kawaida, yaani milango yake ya kuingilia seli, hakukuzuia ini kujaa.

Koti huvishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya kirusi chenye chaji hasi na polima yenye chaji chanya, kama polilisini au PEI, zikashikana zenyewe. Ni kazi ya dakika 20, na kwenye sahani matokeo hupendeza, hasa kwa seli zisizo na kipokezi cha adeno. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Chumvi ya damu hulegeza mshiko huo, albumini na protini nyingine zenye chaji hasi huivua, na kile kinachobaki kina chaji chanya inayogandisha seli nyekundu. Watu wameendelea kuiandikia makala kila mwaka. Kwa maoni yangu, kwa sindano ya mshipani, njia hii peke yake imekwisha. Kwa kudunga ndani ya uvimbe, au kwenye sahani, bado ina kazi.

Njia ya pili ni kuifunga polima kwa kifungo cha kemia. Kapsidi ya adeno ina maelfu ya lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na kila lisini iliyo wazi ina amini, yaani kundi la nitrojeni, inayoweza kukamata esta amilifu, ncha ya polima iliyo tayari kufungamana. Polima mbili zimetumika sana. PEG, yaani polietilini glaikoli, ya daltoni 5,000 hadi 20,000 ina mkono mmoja wa kushika, hivyo husimama juu ya kirusi kama unyoya. Kopolima ya HPMA, polima nyingine inayopenda maji, ina mikono mingi kwenye uti wake, hivyo hulala juu ya uso na kushika sehemu nyingi kama wavu. Wavu hufunika vizuri zaidi, ila mikono mingi ina hatari ya kukamata virusi viwili kwa pamoja.

Kazi yenyewe iende hivi. Anza na kirusi kilichosafishwa, takriban chembe trilioni moja kwa mililita. Kihamishe kutoka kwenye bafa (kimiminika kinachotunza pH) ya kuhifadhia hadi bafa ya HEPES ya pH 7.8 hivi. Hatua hii ndiyo inayowaangusha watu wengi kuliko nyingine yoyote: bafa ya Tris ina amini, na amini hizo ni nyingi kupita kiasi zikilinganishwa na za kirusi. Ukiiacha, polima yako yote itajifunga kwenye Tris na utapata kirusi kilichobaki uchi kama kilivyozaliwa. Kisha pima polima ikiwa kavu, iyeyushe dakika ileile unayoihitaji. Esta ya NHS, ambayo ndiyo ile ncha amilifu, kwenye pH 7 na nyuzi sifuri hupoteza nusu ya nguvu zake baada ya saa 4 hadi 5. Kwenye pH 8.6, hata kwa nyuzi 4, ni dakika 10. Aliyeyeyusha asubuhi akatumia baada ya chakula cha mchana ametumia maji. Tia polima kwenye kirusi huku ukikizungusha taratibu, usifanye kinyume, maana tone la kirusi likiangukia kwenye bahari ya polima yenye mikono mingi, chembe za kwanza hufungamana. Acha saa moja kwenye joto la chumba. Zima mikono iliyobaki kwa aminoethanoli. Ondoa polima huru kwa safu ya jeli inayotenganisha kwa ukubwa.

Baada ya hapo hesabu upya virusi, na usitumie ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260 bila kufikiri. Kwa adeno safi, kipimo 1 cha ufyonzaji huo ni chembe trilioni 1.1 kwa mililita, lakini baadhi ya polima hizi, na mabaki ya esta zake yenye pete za benzini, hufyonza mwanga karibu na hapo na kukupa virusi ambavyo havipo. Pasua kapsidi kwa SDS, sabuni kali, na joto la nyuzi 56, kisha pima DNA kwa rangi inayong'aa ikiishika. Upana ukipimwa kwa mtawanyiko wa mwanga uwe umeongezeka nanomita 10 au 20. Ukiona nanomita 300, hizo ni chembe zilizofungamana, na ndizo zitakazonaswa kwenye mapafu ya mnyama wako.

Kipimo kikali kuliko vyote ni kuzipa kirusi hicho kilichovikwa seli zenye kipokezi cha kawaida. Koti likiwa zima, maambukizi yashuke mara mia au zaidi. Yakishuka mara mbili tatu tu, lina matundu. Wanafunzi hushangaa hapa: tunasherehekea kirusi kilichoshindwa kuingia? Ndiyo, kwa hatua hii. Asilimia moja tu ya chembe zilizobaki uchi inaweza kutoa karibu ishara yote unayoiona baadaye, nawe ukadhani ni koti lako jipya linalofanya kazi.

Na hapo tumefika kwenye kiini cha tatizo. Koti linaloizuia kingamwili linakizuia kirusi pia. Kuna namna mbili za kutoka. Moja ni kubandika juu ya koti kitu cha kushika seli unayoitaka, mfano EGF, protini inayochochea ukuaji wa seli, kwa seli za saratani zenye kipokezi chake kwa wingi. Kirusi huingia kwa mlango mpya, ingawa kwa kawaida hakifikii kasi ya mlango wa zamani, na tena kikiwa ndani ya kifuko cha seli kinahitaji kapsidi yake ifunguke ili kitoke. Koti lililofungwa kila pembe huibana. Ndiyo sababu ya namna ya pili: vifungo vinavyokatika. Daraja la salfa mbili hudumu kwenye damu ambako glutathioni, molekuli inayokata daraja hilo, ni mikromola chache, na hukatika ndani ya seli ambako ni milimola 1 hadi 10. Vifungo vingine hukatika kwa asidi, kwa pH ya 5 hadi 6 iliyomo kwenye vifuko hivyo. Mimi nashikilia kwamba mtu asibuni koti kabla ya kuamua litavuliwa wapi na nini.

AAV haikubali ukatili huu. Ni ndogo, uso wake una amini chache, na nyingine ziko karibu na mahali inaposhikia seli. PEG kidogo huipa kinga kiasi dhidi ya kingamwili; ukiongeza, uwezo wa kuambukiza huanguka ghafla, bila mteremko wa kukuonya. Ongezeni mzigo huo: dozi ya Zolgensma ni chembe trilioni 110 kwa kila kilo ya mtoto. Kuvisha koti kiasi hicho, kwa usawa, kundi baada ya kundi, ni kazi ya kiwanda ambayo kemia ya mililita moja haiitabiri. Na PEG yenyewe siyo tena mgeni asiyejulikana. Watu wengi tayari wana kingamwili dhidi yake, na sindano ya kwanza huweza kuzipandisha hata ya pili ikakamatwa kwa ajili ya koti, kirusi kikiwa hakina kosa.

Kama ugonjwa uko mahali pamoja, kwenye gegedu la goti kwa mfano, usikivishe kirusi koti, kijengee chumba. Poloksama 407 ni kimiminika kwenye baridi na jeli kwenye joto la mwili. Iyeyushe usiku kucha kwa nyuzi 4, kamwe usiipashe moto. Kosa la kawaida ni la hesabu: mtu hutengeneza jeli ya 18%, huongeza kirusi sehemu moja kwa sehemu nne za jeli, akabaki na 14.4%, ambayo haigandi. Anza na 25% upate 20%. Tumia sindano iliyopozwa, la sivyo itaganda kwenye bomba. Aljineti, jeli itokanayo na mwani, nayo hufaa, mradi bafa ya kirusi isiwe na fosfeti wala sitrati, zinazonyang'anya kalsiamu inayoishikilia; na AAV, kwa udogo wake, huvuja mapema kuliko adeno. Chembe za PLGA, polima inayooza mwilini, zipendwazo kwa dawa nyingine nisingewashauri: kiyeyushi chake huua utando wa lenti, na zikioza huzalisha asidi ya laktiki na ya glaikoliki inayokizunguka kirusi mle ndani.

Mwisho ni sampuli linganishi, na nitazitaja kwa sababu ripoti nyingi hukosa moja kati ya hizi. Kirusi uchi. Kirusi kilichovikwa. Kirusi uchi pamoja na polima iliyozimwa kwa aminoethanoli, isiyoweza kushika, ili ujue kama msaada ni wa koti au wa polima inayoelea tu. Polima peke yake. Na kirusi kilichovikwa kikakaa saa moja kwenye plazima ya binadamu kwa nyuzi 37 kabla ya kupewa seli. Hiyo ya tano iwe plazima ya watu kadhaa, kila mmoja kivyake bila kuchanganya, maana kingamwili za mtu mmoja zinaweza kukipita kirusi ambacho za mwenzake zinakizima kabisa.

Nitapokea maswali.